Ngazi Mia Mbili na Arobaini

Katika mji wao maji ya mvua yalikuwa hayajui pa kwenda. Mvua ikishanyesha, madimbwi yalikaa barabarani siku mbili tatu, kwa sababu hapakuwa na mteremko hata wa kuvingirisha chungwa. Kitu kirefu kuliko vyote pale kilikuwa jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili, nyuma ya posta, na mtu aliyelijua jengo hilo kuliko hata mwenye nalo alikuwa fundi wake wa lifti. Alikuwa mwembamba, mrefu, wa miaka arobaini na mmoja, na watu wote walimwita Kamba. Hata mkewe alimwita hivyo siku alizokuwa amefurahi.

Asubuhi moja Kamba aliingia katika karakana ya dada yake, akasukuma kando mataya ya plasta yaliyopangwa mezani, akatandaza ramani.

Dada yake alikuwa mtengenezaji wa meno bandia. Alimzidi miaka mitano, watoto wake walishatoka nyumbani, na mtaa mzima ulimwita Mama Meno.

"Siku tisa," Kamba alisema. "Milima mitano mfululizo. Unabeba chakula chako, hema lako, nguo zako, kila kitu mgongoni. Kuna kiongozi wa kuonyesha njia, basi."

"Na nani anayebeba?"

"Mimi na wewe."

"Kamba, mimi kitu cha mwisho nilichopanda ni kitanda."

Kamba hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye ramani, pale mistari ya milima ilipobanana. "Dada, miaka ishirini napanda juu na kushuka chini, na sijawahi kufika popote. Nataka nifike mahali kwa miguu yangu."

 Tangu utotoni mdogo wake huyu alikuwa mtu wa kuomba mara chache. Mama Meno akaifuta ramani vumbi la plasta, akauliza, "Siku ngumu ni ipi?"

"Ya nne. Unapanda mita elfu moja na mia tatu."

Jengo la nyuma ya posta lilikuwa na ngazi mia mbili na arobaini, kutoka mlangoni hadi paa. Kamba alikuwa ameshapiga hesabu: kulipanda mara thelathini na nne ndiyo siku ya nne.

Walianza na mara tatu, na siku ya kwanza Mama Meno alirudi nyumbani akishika kuta. Walifanya mazoezi Jumamosi na Jumapili asubuhi, ofisi zikiwa zimefungwa, na mlinzi aliwafungulia mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi na maneno mengi. Alipowaona na mashanta yao yaliyojazwa vifuko vya mchanga, akauliza, "Mnahama? Au mmefukuzwa?" Wiki iliyofuata akauliza tena vilevile, na wiki iliyofuata, na kila mara akacheka kama vile ndiyo kwanza amelibuni swali hilo.

Siku za kazi walitembea kwenye mchanga wa kingo za mto uliokauka, jua likiwa halijapanda, buti zikizama hadi vifundoni. Mzigo ukaongezwa kidogo kidogo: kilo nane, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane. Kamba alipenda wapande kwa miguu na washuke kwa lifti. Mama Meno alikataa katakata. Alikuwa amesikia kwamba milimani watu wengi huharibikiwa wakati wa kuteremka, mapaja yanapokuwa yameisha na magoti yakibeba kila kitu. "Tukipanda kwa miguu tunashuka kwa miguu," alisema, na Kamba akamfuata ngazini. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa dada ukawa mweusi, ukang'oka, na yeye akautupa bila hata kuusikitikia.

Mwezi wa tatu wa mazoezi ndipo Mama Meno alipoanza kuona jambo.

Kila walipofika ghorofa ya saba, Kamba alisimama, akafungua kijimlango cha chuma kilichokuwa karibu na lifti, akainamisha sikio. "Kuna kitu kinalia humu," alisema. "Tangulia, nakuja." Mwanzoni Mama Meno alitangulia. Lakini jambo hilo likatokea ghorofa ya saba, kisha ya tano, kisha ya saba tena, na Jumamosi moja lifti ikiwa imezimwa kabisa, Kamba bado alikuwa anaisikiliza.

Mama Meno alishuka kimyakimya, mkono juu ya reli. Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kidole gumba kwenye kifundo cha mkono wake, midomo imepauka. Alikuwa anahesabu mapigo.

"Tangu lini?"

"Nini tangu lini? Nimechoka tu."

"Kamba. Mimi siyo mlinzi wa kudanganywa. Tangu lini?"

Ikamtoka polepole. Alikuwa amezimia mara mbili. Mara ya kwanza bafuni kwake. Mara ya pili kazini, chini kabisa ya shimo la lifti, akiwa peke yake. Alipozinduka tochi ilikuwa bado inawaka kifuani mwake. Alikwenda zahanati. Daktari akamwambia moyo wake una mwendo asioupenda, akampa barua ya kwenda kupimwa hospitali kubwa, na akamwonya asibebe mizigo mpaka majibu yapatikane. Barua hiyo ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, chini ya spana.

"Mkeo anajua?"

"Akijua, safari imekwisha. Dada, zimebaki wiki tano. Nikirudi nakwenda kupimwa siku hiyohiyo, naapa."

"Utakwenda Jumatatu. Usipokwenda, namwambia wifi."

"Jumatatu," Kamba alisema.

Jumatatu ilipita. Alisema mashine ya kupimia imeharibika, wamemwambia arudi baada ya siku kumi. Mama Meno alijua ni uongo. Alimjua mdogo wake akidanganya, alikuwa na tabia ya kukuna shingo. Angeweza kuchukua simu na kuuliza hospitali. Hakuuliza. Alijiambia kwamba Kamba ni mtu mzima. Lakini ukweli, na aliujua hata wakati ule, ulikuwa kwamba na yeye aliitaka ile milima. Kwa miaka mingi hakutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na sasa miguu yake ilikuwa imekaza, kiuno kimepungua, na asubuhi aliamka kabla ya saa kulia. Bila Kamba asingeenda.

Jumapili hiyo walikula kwa Kamba. Mke wake, mwalimu wa watoto wa chekechea, alikuwa mwanamke wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kurudia swali. Walipokuwa wanaosha vyombo alimuuliza, "Wifi, anaendeleaje huko kwenye ngazi? Naona analala sana."

Sahani ilikuwa mkononi. Mama Meno aliifuta mbele na nyuma.

"Anaendelea vizuri," alisema. "Ni mazoezi tu yanachosha."

Wifi yake alimtazama, akapokea sahani, akaiweka kabatini.

Jumamosi iliyofuata Kamba alifika jengoni mapema kuliko dada yake. Kati ya lifti mbili za jengo, moja ilikuwa mbovu tangu mwaka jana ikisubiri kipuri. Ya pili alikuwa ameizima ili ashughulikie breki yake. Alitaka amalize kazi na mazoezi kwa pamoja. Mama Meno alimkuta na mafuta mikononi, shanta tayari mgongoni.

Walipanda mara ya kwanza, wakashuka. Mara ya pili, wakashuka. Mara ya tatu Mama Meno alikuwa ameipita ghorofa ya kumi aliposikia kishindo nyuma yake, kizito, kama gunia lililoangushwa. 

Kamba alikuwa ameanguka kwenye sakafu ya ghorofa ya kumi, kwa bahati kabla hajaanza kupanda ngazi za mbele. Shanta lilimlalia ubavuni. Mama Meno alilivua lake, akamfungua mikanda, akamgeuza. Uso ulikuwa wa majivu. Jasho jembamba lilimtiririka hadi masikioni. Akaweka shavu karibu na pua yake: alikuwa anapumua.

Alipiga simu. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mtulivu mpaka ikawa kero. Gari la wagonjwa lilikuwa upande mwingine wa mji. Dakika ishirini, labda ishirini na tano. "Ghorofa ya ngapi, mama?"

"Ya kumi."

"Lifti ipo?"

Kamba alikuwa amefumbua macho.

"Washa lifti," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. Mkono wake ulihangaika shingoni, ukavuta uzi wenye funguo. "Chumba cha mashine. Kufuli. Swichi kubwa, juu."

"Breki umemaliza?"

"Bolti... mbili."

"Mbili zimebaki? Au mbili umefunga? Kamba! Mbili zimebaki?"

Macho yalikuwa yameshaondoka.

Alimlaza ubavu, akapanda. Bila mzigo miguu ilikuwa myepesi mno, iliruka ngazi mbili mbili. Ya kumi na moja, ya kumi na mbili, kisha ngazi za chuma za kwenda paani. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili haukuingia. Wa tatu ukazunguka. Ndani kulinuka grisi. Swichi kubwa ilikuwa ukutani, imefungwa kufuli, na kwenye kufuli kulining'inia kadi ya plastiki yenye mwandiko wa mdogo wake: USIWASHE. NIKO NDANI.

Alifungua kufuli. Mkono ukashika swichi.

Ndipo alipoona kitambaa sakafuni, karibu na mashine. Juu yake kulikuwa na spana na bolti mbili, zimepangwa kando kwa kando, zinang'aa kwa mafuta.

Alizitazama. Alitazama ile mashine, ambayo kwake ilikuwa lundo la vyuma. Hakujua breki ni ipi wala bolti hukaa wapi. Kama zimebaki mbili na yeye akawasha, atamwingiza ndugu yake kwenye kisanduku kinachoning'inia juu ya ghorofa kumi za hewa. Kama zimefungwa zote na yeye akaacha kuwasha, huenda anamuua kwa woga wake. Hapakuwa na wa kumuuliza. Moyo ulimpiga mpaka kwenye fizi.

Akaiachia swichi, akafunga kufuli, akateremka mbio.

Akiwa njiani alimpigia mlinzi. "Chukua lile turubai waliloacha wapaka rangi huko chini, panda ngazi, usisimame!"

"Ghorofa ya ngapi?"

"Panda tu!"

Kamba alikuwa na kilo hamsini na saba. Alikuwa akijipima kila wiki na kujisifu. Mama Meno alikaa chini mbele yake, akavuta mikono yake mirefu ikapita mabegani, akaifunga pamoja kwa mkanda wa shanta, akaegemea mbele na kusimama. Mapaja yalitetemeka. Akajikaza, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kushuka. Kisigino, goti, kisigino, goti. Buti za Kamba ziliburuta na kugonga nyuma yake. Pumzi yake ilimgusa shingoni, na Mama Meno akaacha kuhesabu ngazi, akahesabu pumzi.

Kwenye ghorofa ya nane pumzi ikakatika.

Alisubiri ya pili. Haikuja. Akapiga magoti, akamlaza sakafuni chali, akamwita, akampiga kofi, akaweka viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza, vile alivyowahi kuonyeshwa siku moja kwenye semina ambayo nusu yake alisinzia. Moja, mbili, tatu. "Usinifanyie hivi," alisema. "Kamba, usinifanyie hivi, sitakuwa na la kumwambia mkeo." Nane, tisa. Kifua kikashtuka chini ya mikono yake, na Kamba akavuta hewa kwa mkoromo mbaya, kama mtu aliyetolewa majini.

Akambeba tena.

Mlinzi alimkuta kati ya ghorofa ya saba na ya sita. Alikuwa amekuja bila maneno, kofia imepotea, shati limeloa hadi kiunoni, turubai likiwa limeviringwa kwapani. Wakamlaza Kamba juu yake. Mlinzi akashika upande wa miguu, akatangulia. Mama Meno akashika upande wa kichwa. Walikwenda hivyo, wakielekezana kwa miguno, "kona, kona, inua," mpaka ghorofa ya tatu, ambako watu wawili wenye machela walikuwa wanapanda.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi ya mbao. Wifi yake alifika na ndala za nyumbani, unga bado kwenye vidole. Daktari alishawaeleza: moyo ulikuwa unasimama sekunde kadhaa, kisha unaendelea, kisha unasimama. Atawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi cha kuusukuma kila unaposahau. Wamemwahi, alisema daktari, ila kwa chupuchupu.

Daktari alipoondoka, wifi yake hakukaa.

"Ulijua?"

Mama Meno alikuwa na jibu refu. Alilitayarisha ndani ya gari la wagonjwa, lina sababu, lina mwanzo na mwisho.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Nilikuuliza. Jikoni kwangu. Ukanijibu."

"Ndiyo."

Wifi yake aliokota mkoba wake, akatembea mpaka benchi la mwisho kabisa la korido, akakaa huko. Walisubiri hivyo saa nne, kila mmoja na ukuta wake.

Siku ya tatu Mama Meno aliruhusiwa kuingia. Kamba alikuwa na bandeji chini ya mfupa wa bega, na rangi imemrudia. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Kwa nini hukuwasha lifti?"

"Niliona bolti mbili chini."

"Zile?" Akajaribu kucheka, akakunja uso kwa maumivu. "Zile za zamani, dada. Nilishazibadilisha. Lifti ilikuwa nzima kabisa."

Mama Meno alimtazama. Magoti yake yalikuwa bado yamevimba, na kifuani, chini ya fulana yake, palikuwa na michubuko miwili ya mkanda. Hakujua kama anataka kumkumbatia au kumpiga tena lile kofi la ghorofa ya nane. Akatoka nje, akasimama dirishani, mabega yakamtikisika, na muuguzi aliyepita hakuweza kujua kama analia au anacheka.

Alimwandikia kiongozi wa milima kwamba hawataenda. Hakuwa ameituma barua hiyo wifi yake alipofika karakana, siku ya saba, mchana. Alisimama kati ya mataya ya plasta bila kugusa kitu.

"Nimesikia unaacha kwenda."

"Ningeendaje, wifi?"

"Kamba ananiuliza habari za mzigo kutwa nzima. Kilo ngapi, hema gani. Na mimi sipendi anavyouliza." Akavuta pumzi. "Daktari amesema baada ya nusu mwaka ataangalia tena, labda atamruhusu vilima vidogo. Kamba hatasubiri nusu mwaka. Safari ikifa hivihivi, ataibeba kichwani, na siku moja atatoroka kwenda peke yake, kimyakimya, kama alivyofanya sasa. Nenda wewe. Arudi mtu amwambie kukoje."

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Usichanganye mambo." Aliangalia mikono yake. "Kila ukipata mtandao, unipigie mimi. Siyo yeye, mimi. Na uniambie ukweli. Goti likiuma, sema goti linauma. Usiniambie unaendelea vizuri."

"Sawa."

"Sitaki sawa. Sema utafanya hivyo."

"Nitafanya hivyo, wifi."

Kwa hiyo alikwenda, pamoja na kiongozi na wageni wengine watatu. Siku ya kwanza na ya pili miguu yake ilifanya kila ilichofundishwa. Siku ya tatu aliwapita vijana wawili kwenye mteremko, na kiongozi akamuuliza amefanyia wapi mazoezi. "Nyuma ya posta," alijibu.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna jengo la kukifundisha. Siku ya nne, walipokuwa wamepanda zaidi ya nusu ya zile mita elfu moja na mia tatu, hewa ikawa haitoshi. Kichwa kilianza kugonga. Akatapika nyuma ya jiwe, akajifuta, akaendelea. Akatapika tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kilele kilionekana karibu sana, mwendo wa saa mbili hivi, chini ya wingu lililokuwa linashuka. Kiongozi alimuuliza mara mbili yu hali gani. Mara zote mbili Mama Meno aliinua kidole gumba.

Kwenye bega la mlima simu ikatoa mlio. Mtandao. Aliketi juu ya shanta lake, akapiga.

"Haya," wifi yake alisema. Hakusalimia. "Sema."

Mama Meno aliangalia wingu. Aliangalia kilele.

"Nimetapika mara mbili," alisema. "Kichwa kinapasuka. Nikisimama, ardhi inayumba. Sijamwambia kiongozi."

"Kwa nini?"

"Atanishusha."

 Upande wa pili zilisikika kwa mbali sauti za watoto wakiimba hesabu.

"Mpe simu," wifi yake alisema.

Mama Meno alinyanyua mkono, akamwita kiongozi. Alimsikia akisema ndiyo, mama, ndiyo, mama, tutashuka mita mia nne, mama, hapana, hatumwachi peke yake. Kisha kiongozi akamrudishia simu, akachukua shanta lake bila kumuuliza, akalibeba kifuani juu ya lake la mgongoni.

Waliteremka wote pamoja na wale wageni watatu, wakalala chini. Walikaa hapo siku nzima ya tano, Mama Meno akiwa ndani ya hema, akinywa maji kidogo kidogo na kuona aibu. Siku ya sita kichwa kilikuwa kimetulia. Walipanda tena, hatua fupi, pumzi ndefu, na saa tano asubuhi alisimama juu, ambako upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuweza kusikia sauti yake mwenyewe. Kwa sababu ya siku hizo zilizopotea, mlima wa tano hawakuufikia. Waliumaliza wa nne, wakateremka bondeni siku ya tisa.

Alipiga simu kutoka kituo cha basi, buti zikiwa zimefunguliwa kamba.

"Magoti yote mawili yanauma," alianza. "La kushoto zaidi. Nina lengelenge kisiginoni. Nimeukosa mlima mmoja. Usiku wa siku ya tano nililia."

"Ulilia nini?"

"Wewe. Siku ile jikoni."

Upande wa pili mlango ulifungwa polepole.

"Umekula?" wifi yake aliuliza.

"Bado."

"Kula kwanza, halafu upige tena," alisema. "Nitakuwa nimemwamsha Kamba, umsimulie mwenyewe."